Jina Mashuhuri Kwenye Ukuta wa Duka Lako

Mchoraji wa mabango akifika Marereni na makopo yake ya rangi, swali lake ni moja: nikuandikie nini? Wenye maduka hujibu bila kusita. Fundi wa simu anataka neno Samsung liandikwe kubwa, kwa buluu ileile. Muuza jezi anataka alama ya Nike. Mwenye kibanda cha chipsi anataka ile herufi M ya manjano aliyoiona kwenye filamu, maana wateja wanaijua. Hakuna hapo aliyekusudia kumwibia mtu. Lakini kila jina katika hayo lina mwenyewe, na sheria ya Kenya inamtambua mwenyewe huyo hata kama hajawahi kukanyaga Magarini wala hana mpango wa kufika.

Makala haya ni ya mwenye duka, fundi, muuza mitumba na wateja wao, kuanzia Marereni na Gongoni hadi Malindi mjini. Nimeyaandika kwa sababu wanaoumizwa zaidi na sheria hii ni wale wanaoisikia kwa mara ya kwanza siku mzigo wao unapopakiwa kwenye gari la maafisa.

Asiye na duka hapa analindwaje?

Sheria inayohusika ni Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506 ya Sheria za Kenya. Alama ya biashara ni jina, mchoro, nembo, herufi au tarakimu, au mchanganyiko wa hivyo, inayomwezesha mnunuzi kujua kuwa bidhaa hii ni ya fulani na si ya mwingine. Inasajiliwa na taasisi ya serikali iitwayo KIPI, yenye makao yake South C, Nairobi. Kwa kawaida alama hulindwa katika nchi iliposajiliwa. Ukisajili Kenya umelindwa Kenya. Tanzania na Uganda ni shughuli nyingine.

Alama mashuhuri zimewekewa njia yake. Mkataba wa Paris wa mwaka 1883, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1965, una kifungu kilichoongezwa mwaka 1925. Kifungu hicho kinazitaka nchi wanachama zikatae kusajili, na zizuie kutumiwa, alama yoyote inayonakili, kuiga au kutafsiri alama ambayo tayari inajulikana sana nchini kuwa ni ya mtu mwingine. Angalia hilo neno "kutafsiri": kuligeuza jina la watu liwe la Kiswahili hakukuokoi. Baadaye, mwaka 1995, mkataba wa mali ya ubunifu wa Shirika la Biashara Duniani uliupeleka ulinzi huo hadi kwenye huduma, na katika hali fulani hadi kwenye bidhaa zisizofanana na zile za mwenye jina. Kenya iliyaingiza haya kwenye sheria yake kwa kifungu cha 15A, kinachosema kwamba mwenye alama mashuhuri analindwa, awe anafanya biashara Kenya au hafanyi. Kwa hiyo ile hoja ya "hawa hawana duka hapa" haina mashiko mahakamani. McDonald's haina mkahawa Kenya, lakini herufi yake ya manjano si mali ya yeyote atakayewahi kuichora.

Hoja hiyo ilijaribiwa vikali Afrika Kusini. McDonald's ilikuwa imesajili alama zake huko tangu mwaka 1968, lakini kwa miaka mingi ya ubaguzi wa rangi haikufungua hata mkahawa mmoja. Mwaka 1993 mfanyabiashara wa huko, kupitia kampuni iliyoitwa Joburgers, akaomba asajiliwe yeye jina hilo na usajili wa Wamarekani ufutwe kwa kuwa haukutumiwa. Mahakama ya kwanza ilikubaliana na wenyeji mwaka 1995. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaipindua hukumu hiyo. Majaji walisema si lazima nchi nzima ilijue jina. Yatosha likijulikana na idadi kubwa ya watu wanaohusika na bidhaa hiyo, yaani wale ambao wangeinunua au kuiuza. Utafiti wa maoni uliofikishwa mahakamani ulionyesha kuwa watu hao walilijua.

Hukumu ya Afrika Kusini haiwabani majaji wa Kenya, ila mkataba ule wa Shirika la Biashara Duniani nao unaelekeza kwenye kujulikana kwa alama miongoni mwa watu wanaohusika, na unakubali umaarufu uliotokana na matangazo. Mpira wa Ulaya unaonyeshwa kila wikendi kwenye kumbi za video za Marereni. Ni vigumu kumshawishi jaji kwamba kijana wa hapa hajui alama iliyo kifuani mwa jezi ya Arsenal au Manchester United.

Unachoruhusiwa

Wengi wakisikia habari hizi huogopa kupita kiasi, wakafuta kila kitu ukutani. Hakuna haja. Sheria haikukatazi kulitaja jina la mtu kwa ukweli. Fundi anayetengeneza simu za Samsung, Tecno na Nokia anaweza kuandika "Tunatengeneza simu za Samsung, Tecno na Nokia", maana ndiyo kazi anayofanya. Muuza vipuri anaweza kusema kifaa hiki kinaingia kwenye pikipiki ya Boxer. Kosa linaanza pale jina la watu linapogeuka kuwa jina lako: ukijiita Samsung Centre Marereni, ukatumia herufi zao, rangi zao na nembo yao, mpita njia ataamini umetumwa na kampuni. Kipimo kizuri ni kujiuliza mgeni anayeshuka kwenye matatu ya Garsen ataelewa nini akitazama ukuta wako. Akielewa kwamba wewe ni fundi wa kujitegemea, uko salama. Akidhani wewe ni tawi, badilisha.

Mawakala wa M-Pesa wako katika hali tofauti, kwa sababu ruhusa ya kutumia rangi na jina hutoka kwenye mkataba wao wa uwakala. Chapa hiyo nayo ilikuwa mali ya Vodafone ya Uingereza hadi mwaka 2020, ilipochukuliwa na Safaricom na Vodacom. Uwakala ukiisha, rangi ya ukutani nayo iondolewe.

Mitumba halali haina tatizo. Kiatu cha Adidas kilichovaliwa Ujerumani kikaja Malindi kwenye belo ni cha Adidas kweli, na kukiuza si kosa. Ila ukichukua kiatu kisicho na jina ukakishonea mistari mitatu, au ukachapisha nembo kwenye fulana tupu, hapo umetengeneza bidhaa bandia, hata kama ni fulana moja ya timu ya kijiji. Mafundi cherehani na wenye mashine za kuchapisha fulana, ninyi ndio mnaoponzwa zaidi na oda za namna hii. Mteja akitaka jezi za ligi ya mtaani, mshonee kwa rangi na jina la timu yake bila nembo ya kiwanda cha Ulaya.

Mali feki na hesabu ya faini

Sheria ya pili ni Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008, iliyozaa mamlaka ya ACA. Maafisa wake wana uwezo wa kuingia dukani, kukagua na kuchukua mali. Kwa kosa la kwanza adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini, au vyote viwili. Faini hiyo haihesabiwi kwa jumla. Inahesabiwa kwa kila kipande, na haipungui mara 3 ya bei ya rejareja ya kipande hicho. Tuseme umekutwa na jozi 10 za raba feki ambazo bei yake ya rejareja ni shilingi 2,000. Kila jozi ni shilingi 6,000 kwa uchache, na zote ni 60,000. Ukirudia kosa, kifungo kinafika miaka 15 na faini inaanzia mara 5 ya bei. Mali yenyewe huteketezwa.

Mazungumzo yanayoponza watu huwa mafupi.

"Mama, hizi betri umezipata wapi?"

"Mwanangu, huletwa na kijana wa pikipiki kila Jumanne."

"Anatoka duka gani la jumla?"

"Hilo sijui. Bei yake ni nzuri tu."

"Risiti?"

Mama huyo hakutengeneza betri feki na pengine hajui kuitambua. Lakini bila karatasi hana wa kumsukumia lawama, na kijana wa pikipiki hatarudi Jumanne ijayo. Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya yote, ni risiti yenye jina la muuzaji wa jumla, simu yake, tarehe, aina ya bidhaa na idadi. Zitoboe uzipange kwenye faili. Muuzaji anayekataa kuandika risiti ameshakueleza habari ya mzigo wake.

Jambo la pili ni kuitazama bidhaa yenyewe kabla ya kulipa. Chukua pakiti ya betri uisogeze karibu. Pakiti ya kiwanda huwa na maandishi yanayosomeka hadi herufi ndogo kabisa, tarehe na nambari ya mzigo, na gundi iliyokaa sawasawa ukingoni. Ya feki mara nyingi wino wake una ukungu, herufi moja imebadilishwa au imekosekana, na gundi imefurika upande mmoja. Nambari ya mzigo, kama ipo, ni ileile kwenye pakiti zote za katoni. Kisha pima bei. Kiatu ambacho duka la Mombasa linakiuza kwa maelfu hakiwezi kukufikia wewe kwa mamia kikiwa kipya na halali.

Stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, isikuchanganye. Stika hiyo inahusu ubora wa bidhaa. Haikuambii kuwa jina lililo juu ya pakiti limetumiwa na mwenyewe. Hata hivyo ni vyema kuihakiki, kwa kuwa wanaoghushi jina hughushi na stika. KEBS ina huduma ya ujumbe mfupi kwenye nambari 20023.

Kama maafisa wamefika, waombe vitambulisho kwa adabu. Mali ikichukuliwa, inapaswa kuorodheshwa na kufungwa kwa lakiri, na wewe uonyeshwe orodha uihakiki kabla ya kutia sahihi. Isome. Hesabu vipande mwenyewe. Kama imeandikwa jozi 40 na wewe ulikuwa na 14, usitie sahihi mpaka irekebishwe, maana umeshaona faini inavyohesabiwa. Baki na nakala. Unayo haki ya kwenda mahakamani kudai kwamba mali si bandia na urudishiwe, na hapo ndipo lile faili la risiti linapokufaa. Fedha za mkononi "kumaliza maneno" usitoe: hiyo ni rushwa, kosa la pili juu ya lile la kwanza.

Madhara ya mali feki hayaishii kwa wazungu wenye viwanda. Mwaka 2012 Tume ya Mawasiliano ya Kenya iliamuru simu bandia zizimwe, na baada ya tarehe 30 Septemba zaidi ya milioni moja zilinyamaza. Nyingi zilibeba majina makubwa kwa nje. Waliopoteza ni waliokuwa wamezinunua kwa jasho lao, na hakuna aliyewarudishia hata senti. Miaka miwili baadaye kiwanda cha betri cha Eveready kilichokuwa Nakuru kilifungwa, kampuni ikitaja bidhaa za bei ya chini na za bandia kutoka nje kuwa miongoni mwa sababu. Ajira za Wakenya ziliondoka na betri zile. Na wanaouza miwani na mikoba ya majina ya Milano kwenye fukwe za Malindi wajue kwamba Italia yenyewe, wanakotoka wateja wao wengi, ina sheria inayomtoza faini hata mnunuzi wa bidhaa bandia.

Dawa ya bei nafuu si dawa bandia

Hili nalitenga kwa sababu kulikosea kunahatarisha maisha. Kuna dawa zenye jina kubwa la kampuni iliyozivumbua, na kuna dawa zenye kiungo kilekile zinazotengenezwa kihalali na viwanda vingine na kuuzwa kwa bei ya chini. Sheria ya 2008 ilipotungwa, maana yake ya "bandia" iliandikwa kwa upana kiasi kwamba hizi za bei nafuu nazo zingeweza kunaswa. Wakenya 3 wanaoishi na virusi vya ukimwi wakaenda Mahakama Kuu. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu hivyo, kwa jinsi vilivyogusa dawa hizo, vilitishia haki yao ya kuishi, ya utu na ya afya.

Kwa hiyo ukipewa kwenye zahanati dawa yenye jina usilolizoea, usiitupe kwa kudhani ni feki. Muulize mfamasia kiungo chake. Dawa ya kuogopa ni ile inayouzwa kwenye mfuko, bila sanduku, na mtu asiye na leseni.

Mpaka wa haki za wenye majina

Sheria hii ingekuwa dhuluma kama ingewapa wenye nguvu haki ya kuchukua kila neno, na walishajaribu kwa kitu chetu. Kampuni moja ya Uingereza, The Kikoy Company, iliomba kusajili huko neno "kikoy" kuwa alama yake. Kikoi! Vazi ambalo Mswahili na Mgiriama wa pwani hii amelivaa kabla ya kampuni hiyo kuwapo. Usajili ungepita, mfumaji wa Kenya anayeuza vikoi Uingereza angeweza kuzuiwa kutumia jina la bidhaa yake mwenyewe. Mwaka 2007 shirika la biashara ya haki la Traidcraft lilisimama na wauzaji wa Kenya, mawakili wa London wakajitolea, pingamizi likawasilishwa. Mwaka 2008 kampuni iliacha ombi lake. Hoja ilikuwa nyepesi na yenye nguvu: jina la kawaida la kitu haliwezi kuwa alama ya mfanyabiashara mmoja, kwa sababu wote wanaouza kitu hicho wanalihitaji.

Disney nayo ina usajili wa "Hakuna Matata" huko Marekani kwa ajili ya nguo. Iliomba mwaka 1994, mwaka ilipotoka filamu ya The Lion King, na ikasajiliwa 2003. Mwishoni mwa 2018 watu kwa maelfu walitia sahihi waraka wa kupinga. Uchungu wao naushiriki. Ila mwenye duka la fulana Malindi ajue kinachohusika. Usajili huo ni wa Marekani na ni wa bidhaa maalumu. Haumkatazi mtu kusema, kuimba wala kuandika maneno hayo, na haufanyi kazi Kenya kwa kuwa tu upo Marekani. Ukitaka kuwapelekea Wamarekani fulana zenye maneno hayo kibiashara, hapo pata wakili kwanza.

Sheria yetu pia inamlinda aliyetangulia. Aliyekuwa akitumia jina lake kwa nia njema na mfululizo kabla ya mwingine kuja na lake hawezi kunyang'anywa kirahisi. Ushahidi wake ni karatasi: leseni za kaunti za miaka ya nyuma, picha za bango, stakabadhi za zamani.

Jina lako mwenyewe

Watu wengi wa hapa wana cheti cha jina la biashara kutoka eCitizen na leseni ya Kaunti ya Kilifi, wakaamini jina limeshakuwa lao. Bado. Cheti kinakuruhusu kufanya biashara kwa jina hilo, na leseni inakuruhusu kufungua duka. Kumzuia mwingine asilitumie jina hilo kunatokana na usajili wa KIPI.

Unaanza kwa kuomba upekuzi, uone kama jina linafanana na lililokwisha kusajiliwa. Kisha unajaza ombi ukitaja fungu la bidhaa. Mafungu yako 45 kwa hesabu ya kimataifa. Chumvi na asali ziko fungu la 30, nguo na viatu la 25, korosho za kukaanga la 29, mkahawa la 43. KIPI hulikagua ombi, likikubalika hulitangaza, na kwa siku 60 mtu yeyote anaweza kulipinga. Kama hakuna pingamizi unapewa cheti cha miaka 10, ambacho unaweza kukifufua kila kinapoisha. Ada hulipwa kwa kila fungu, kwa hiyo usijaze mafungu usiyoyafanyia kazi. Pia alama isiyotumiwa kwa miaka 5 inaweza kuombewa ifutwe. Pata kiwango cha ada kutoka KIPI wenyewe, na ulipe kwa njia rasmi ya serikali. Wakala wa mtaani anayetaka fedha taslimu mwache. Na ile alama ya R ndani ya duara usiibandike kabla ya kupata cheti, kwa kuwa kudai usajili usio nao ni kosa.

Marereni inalijua hili kwa njia yake. Chumvi inayovunwa kwenye ukanda huu wa Gongoni, Marereni na Kurawa huondoka kwa malori, na mama wa Kisumu au Kampala akiinunua anataja Kensalt au Kaysalt. Jina la kijiji halimo mdomoni mwake. Aliyeweka jina kwenye pakiti ndiye anayeitwa na mteja siku ya pili, na ndiye anayepanga bei.

Kwa vikundi vya akina mama wanaokaanga korosho au kukamua mafuta ya nazi, Sura ya 506 ina kitu kinachofaa kuliko kila mmoja kuhangaika peke yake, nacho ni alama ya pamoja. Chama kilichosajiliwa kinakuwa mwenye alama, na kinawasilisha KIPI kanuni zinazosema nani anaruhusiwa kuitumia, kwa bidhaa ya ubora gani, na atakayezivunja atafanywa nini. Hata jina la mahali linaweza kulindwa kwa njia hii. Gharama inagawanywa kwa wanachama wote, cheti kinakuwa kimoja, na asiye mwanachama akiibandika alama hiyo kwenye mfuko wake, chama ndicho kinachokwenda kumshtaki.